Kilima Kilichomo Kwenye Mpango

Mama mkwe wangu, Bae Pil-nam, alitaka mambo mawili tu: akifa azikwe kando ya mumewe, na akishazikwa asije mtu akamfukua. Hakutaka jeneza la fahari wala chumba cha peke yake hospitalini. Mtu angedhani hayo ni maombi madogo. Lakini mumewe alilala juu ya kilima chetu cha Dolgae, kinachotazama bahari ya mashariki, na kilima hicho kimo kwenye mpango wa serikali wa vinu vya nyuklia. Yaani kilikuwamo. Kisha kikatolewa. Sasa kimo tena, labda.

Kila baada ya miaka miwili kule Seoul hutolewa mpango mpya wa umeme. Unaeleza nchi itahitaji umeme kiasi gani miaka kumi na mitano ijayo, vinu vitaongezwa vingapi, na vitakaa wapi. Rais mmoja huvitaka, anayemfuata huviona sumu, wa tatu huvitaka kuliko wa kwanza. Mimi sina ugomvi na vinu. Nimepika wali kwa umeme wao tangu niolewe, na wali uliiva. Ugomvi wangu ni na watu wanaochora duara kwenye ramani halafu wakaenda zao kula chakula cha mchana.

Duara la kwanza lilichorwa binti yetu Ranhui akiwa chuoni. Mume wangu, Jong-gil, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na kipaza sauti cha kijiji kilikuwa juu ya paa letu. Asubuhi moja alikiwasha, akakohoa ndani yake kama kawaida, akatangaza kwamba Dolgae imechaguliwa na taifa. Vinu vinne. Sauti yake ilitetemeka kwa furaha. Aliamini vijana watarudi, shule iliyofungwa itafunguliwa, na tutapata hospitali ambayo mtu hafii njiani akiifuata.

Bibi wa Gamcheon, ambaye tunamwita kwa jina la kijiji alichotoka kuolewa, alikuwa akianika ngisi kwenye kamba mbele ya nyumba yake. Huyo ni shoga wa mama mkwe wangu tangu ujana. Jong-gil alipopita akamuuliza, "Mwenyekiti, hivyo vinu vyenu vinakula nini?"

"Madini, mama. Si vya kulishwa."

"Heri. Nilidhani vinakula watu, nikasema vitakufa njaa hapa. Tumebaki vikongwe watupu."

Jong-gil alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kuanzia hapo ikawa ndani ya duara hakuna ruhusa ya kujenga, kukata mti wala kuchimba kaburi jipya. Paa likivuja, ziba na nailoni usubiri. Majirani wetu wengi walisubiri, wakilalamika na kucheza karata katika nyumba ya wazee. Mume wangu hakuweza kusubiri. Ni mtu wa kuamini karatasi yenye muhuri. Akiambiwa mvua itanyesha kesho, leo anavaa buti. Akawaza kwamba makaburi ya kilimani yatahamishwa tu, kwa hiyo afadhali amhamishe baba yake mwenyewe, kwa mikono ya nyumbani, kabla mashine hazijafika. Na mwezi wa ziada ulikuwa unakaribia.

Mwezi huo huingia kwenye kalenda ya zamani kila baada ya miaka miwili au mitatu, na ukiingia mizimu hufumba macho. Ndio mwezi wa kugusa makaburi na kushona sanda bila kujitafutia mkosi. Ukifukua kaburi mwezi mwingine, yatakayokupata usimlaumu mtu.

Mama alikuwa amekaa kwenye sakafu ya moto, ile ya nyumba zetu inayopashwa joto kwa chini, akimenya vitunguu saumu, Jong-gil alipomletea habari hiyo.

"Nani kakwambia wanakuja?" mama akauliza.

"Serikali, mama. Kilima kimo kwenye mpango."

"Na mimi nimo?"

"Kwenye mpango?"

"Ndiyo. Mimi nikifa nalala wapi? Au nitabebwa mgongoni?"

"Utalala kulekule nitakakompeleka baba. Nitakuachia nafasi upande wake. Mama, wakija na mashine zao watamchota kama kokoto. Afadhali sisi."

Mama aliendelea kumenya. Alimpenda mwanawe huyu kupita kiasi, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake siku zote. Mwisho akasema, "Basi umchukue polepole. Hapendi kuamshwa."

Mzee Guk, fundi wa makaburi, alipanda kilimani na watu wake wanne. Ndiye aliyemzika baba mkwe, nikiwa na mimba ya Ranhui, na alimzika inavyotakiwa: udongo uliochanganywa na chokaa, tabaka juu ya tabaka, na wanaume wakiushindilia kwa miti mirefu huku wakiimba na kuitikiana, mpaka kaburi likawa gumu kuliko sakafu. Ukishindilia hivyo maji hayaingii, wala mizizi. Ila anayezika hivyo haweki akilini kwamba kuna siku kaburi litafunguliwa. Walipasua kwa tindo na nyundo mpaka mchana. Mifupa ilikuwa ya manjano safi, rangi inayotakiwa, na Mzee Guk akampongeza mama kwa hilo. Lakini pigo la mwisho la nyundo lilipitiliza, likavunja mfupa wa mguu chini ya goti.

Mama aliufunga mfupa ule kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la nguo yake. Akafunga na mingine katika karatasi, kuanzia kichwa kwenda chini, kila kitu mahali pake. Hakulia. Alisema tu, "Mguu huu ulikuwa mzima." Jong-gil alikuwa amesimama nyuma yake, hajui mikono yake aiweke wapi.

Tukamzika tena bondeni, milima miwili kutoka hapa, kwenye shamba la binamu yake, mahali ambapo bahari haionekani wala haisikiki. Mzee Guk alitaka kutia chokaa. Jong-gil akamwambia asubiri, kwa kuwa mama akija kulazwa pale kaburi litafunguliwa ubavu, basi wote wawili watiwe chokaa siku hiyo. Lilikuwa wazo la akili kabisa. Hata mimi nililisifu.

Halafu rais akabadilika.

Tulikuwa tunakula kifungua kinywa, televisheni imewashwa, mtangazaji akasema vinu vya Dolgae vimeondolewa kwenye mpango wa taifa. Alisema kwa haraka, akahamia habari za michezo. Jong-gil alibaki na kijiko hewani. Mama yeye alikiweka chake chini, akafuta mdomo.

"Mrudishe baba yako," akasema.

"Mama, duara bado lipo kisheria. Mpaka lifutwe rasmi."

"Litafutwa lini?"

"Sijui."

"Walipolichora ulijua upesi, mpaka ukatutangazia kijiji kizima."

Nilimwonea huruma mume wangu, na papo hapo nikasikia raha kidogo, sitaficha. Kwa muda mrefu katika nyumba ile hakuna aliyemwambia ukweli wake.

Duara lilichukua miaka mingine kufutwa. Lilipofutwa, mama akakataa kaburi lifunguliwe mwezi wa kawaida, ikabidi tungoje mwezi wa ziada. Jong-gil aliacha uenyekiti. Kipaza sauti kikahamishiwa paa jingine, nyumba yetu ikawa kimya, na mama akawa anazeeka mbele ya kalenda. Kila nilipompelekea uji aliniuliza, "Mkwe, bado?" Nikamjibu, "Bado, mama." Mgongo wake ulizidi kupinda mpaka akawa anaitazama miguu yangu tunapozungumza.

Mwezi ulipofika tulimpandisha kwenye gari dogo la Mzee Guk, tukaenda bondeni. Safari hiyo hakukuwa na kazi ya nyundo. Udongo ulikuwa laini, majembe yaliingia bila kelele, na baada ya muda mfupi Mzee Guk akasimamisha watu wake, akageuka, akamtazama Jong-gil.

Kaburi lilikuwa limejaa maji.

Si unyevunyevu. Maji, ya kupita kifundo cha mguu, na mifupa ya baba mkwe ndani yake, myeusi. Watu wa makaburi wanajua mifupa myeusi ni mkosi kwa nyumba ya watu, na wote waliangalia pembeni kwa adabu.

Mama aliteremka kwa magoti na viganja. Tulijaribu kumshika akatusukuma. Akaingiza mkono kwenye maji yale, akauacha humo.

"Ya baridi," akasema. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu aliyekaa karibu, "Umeloa. Miaka yote hii mimi nalala kwenye sakafu ya moto, mwenzangu umeloa."

Hapo ndipo Jong-gil alipolia. Alilia akiwa amesimama, mdomo wazi, mwanamume wa miaka sitini na ushei. Mama hakumgeukia. Aliomba vitambaa na pombe kali, akafuta mfupa mmoja mmoja, akaipanga kwenye jamvi juani. Alipofika kwenye ule wa mguu, uzi wake ulikuwa umeoza. Akafunga mwingine.

Siku ileile tulimrudisha kilimani. Chokaa ilitiwa ya kutosha. Wanaume walishindilia, Mzee Guk akaongoza wimbo, na mama, aliyekuwa haongei zaidi ya maneno matatu kwa siku, aliitikia kwa sauti iliyonishtua. Kando ya kaburi palibakizwa nafasi yake. Alikwenda akaikanyaga, akageuka kutazama bahari, akaridhika.

Jioni hiyo nilikuwa nakata figili jikoni nikamsikia anamwita mwanawe.

"Niahidi kitu."

"Sema, mama."

"Nikiingia pale, usije mkono wa mtu. Uwe mwezi wa ziada, uwe mwezi gani. Usimwache mtu akanivunja, usimwache mtu akaniloanisha. Umemwona baba yako."

"Nakuahidi, mama."

"Sema vizuri. Zamani ulikuwa unasema vizuri kwenye kipaza sauti."

"Naahidi hakuna atakayekufukua."

Akalala usingizi mzuri. Kwa muda baada ya hapo alinenepa hata kidogo, na akaanza tena kwenda kucheza karata na Bibi wa Gamcheon, wakiibiana na kutukanana kama enzi zao.

Ni kwenye hizo karata tuliposikia habari ya mpango mpya. Safari hii, walisema, nchi inahitaji umeme kuliko wakati wowote, kwa ajili ya viwanda vya kompyuta na majumba makubwa ya mashine zinazofikiri badala ya watu. Vinu vipya lazima. Ila serikali ilikuwa imejifunza adabu: haichori duara tena, inaomba wilaya zijitokeze zenyewe. Na wilaya yetu, isiyo na watoto wala viwanda wala chochote ila kaa na wazee, ikajitokeza. Mabango ya vitambaa yakafungwa barabara nzima. Ya kushoto yanasema tunavitaka, ya kulia yanasema tutakufa kwanza.

Bibi wa Gamcheon alirusha karata yake akasema, "Mimi kwenye fomu yao ya maoni nimeweka alama ya kukubali."

Mama akamtazama. "Umelewa?"

"Sijalewa, nimechoka. Paa langu linavuja tangu duara la kwanza. Wakinilipa leo, kesho nahamia kwa binti yangu Daegu, nikakae kwenye ghorofa lenye lifti. Pil-nam, tunangoja nini hapa?"

"Mimi nina mtu wangu kilimani."

"Una mifupa kilimani."

"Angalau ninayo," mama akasema. "Wako kaliwa na samaki."

Nilidhani Bibi wa Gamcheon atampiga. Mumewe alizama na mashua ya ngisi, na hakuna aliyewahi kumtania kwa hilo. Alikusanya karata zake taratibu, akazipanga, akazipanga tena.

"Ndiyo maana," akasema mwishowe. "Mimi sina wa kumhamisha. Nyie mtaanza upya kubeba."

Tuliporudi nyumbani mama hakumuuliza Jong-gil kitu chochote kuhusu mpango, na Jong-gil hakumwambia. Wote wawili walisoma mabango yaleyale kila siku wakienda dukani, wakarudi wakala wali, wakanyamaza. Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilimwambia mume wangu akiwa bafuni anajinyoa, "Baba Ranhui, nenda wilayani ukaulize. Kilima kimo au hakimo?"

"Nikiuliza watanijibu," akasema.

"Si ndiyo nataka."

"Wakinijibu nitawaamini, Mama Ranhui. Unanijua."

Mama alikufa mwishoni mwa baridi, baada ya chakula cha mchana, amelalia mkono wake. Nilidhani amepitiwa na usingizi nikamfunika. Baadaye nikaona sikufunika mtu.

Ukumbi wa msiba ulikuwa mjini, kama misiba yote siku hizi. Picha yake ikawekwa katikati ya maua meupe, Ranhui akaja kutoka Seoul, na mimi nikashinda nikigawa bakuli za mchuzi wa nyama wenye pilipili. Miongoni mwa waliokuja kutoa pole alikuwemo Bwana Pyo, afisa wa wilaya anayeshughulika na habari za vinu. Kijana mstaarabu, amevaa tai nyeusi. Aliisujudia picha ya mama, akala mchuzi wake, na Jong-gil akaenda kukaa mbele yake. Nilisogea na birika la chai ambalo hakuna aliyeliomba.

"Kesho kutwa nazika," Jong-gil akasema. "Kilimani."

"Kwa sasa hakuna katazo, mjomba. Mzike tu."

"Kilima kimo?"

Bwana Pyo akaweka vijiti vyake chini. "Kwenye mchoro wa awali, kimo. Lakini ni wa awali."

"Tukichaguliwa?"

"Makaburi yote yatahamishwa. Kwa heshima, mjomba, na kwa gharama za mradi."

"Lini?"

"Uamuzi unatarajiwa mwaka huu. Au mwakani. Kuna wilaya nyingine imeomba pia." Alimtazama Jong-gil, akaona haya. "Kweli sijui, mjomba. Ningejua ningekwambia. Bibi yangu naye kazikwa kwenye kilima chenu upande wa kusini."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Sikuweza, na hilo likanikasirisha zaidi.

Siku ya maziko theluji ilikuwa inayeyuka. Tulipanda nyuma ya jeneza tukiteleza. Bibi wa Gamcheon naye alipanda, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine kaushika mkono wa Ranhui, na hakukubali kuambiwa abaki chini. Mzee Guk alikuwa ameshachimba shimo kando ya tuta la baba mkwe, limenyooka vizuri. Mifuko ya chokaa ilikuwa imepangwa. Wanaume wanane walishika miti yao wakisubiri kazi ya kushindilia, na mmoja alikuwa anajaribu koo lake kwa ajili ya wimbo.

Mama akateremshwa. Jong-gil alitupa udongo wa kwanza kutoka kwenye pindo la joho lake la msiba, mara tatu, kama inavyotakiwa. Mzee Guk akafungua mfuko wa chokaa.

"Chokaa acheni," Jong-gil akasema.

Mzee Guk akamtazama. "Unasemaje?"

"Acheni chokaa. Na msishindilie. Fukieni udongo tu, wa juujuu."

"Maji yataingia, Jong-gil."

"Najua."

"Ulimwona baba yako, hatukuwa wote pale?"

"Nilimwona. Niliuona na mguu." Alisema bila kumtazama mtu. "Mkitia chokaa, siku wakija watampasua. Yeye ni mdogo, Mzee Guk. Mifupa yake ni kama ya ndege. Fukieni udongo tu."

Watu walibaki wamesimama na miti yao mikononi. Kule chini, bahari ilikuwa inapiga kama kawaida. Bibi wa Gamcheon akauliza, "Hakuna wimbo?"

"Hakuna, mama," Jong-gil akamjibu. "Wimbo ni wa kushindilia."

Wakaanza kufukia. Udongo ulianguka kwa sauti ya unga. Nilivumilia mpaka shimo likajaa, kisha sikuweza tena. Nilivua viatu, nikapanda juu ya udongo ule na soksi zangu, nikaanza kukanyaga. Nilikanyaga kwa hasira yote niliyokuwa nayo, ya duara na ya mchoro wa awali, ya mtangazaji aliyehamia michezo, ya uji na kalenda. Nilifikiri wanaume watanifuata. Mmoja alinyanyua mti wake kweli, akamtazama Mzee Guk, akaushusha.

Jong-gil alinishika kiwiko.

"Mama Ranhui, shuka."

"Ulimwahidi. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilimwahidi."

"Sasa unamzika kama mtu anayeficha viazi, ili iwe rahisi kuchimbua?"

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. "Alitaka kulala kando ya baba, kalala," akasema. "Hilo nimeweza. Lile jingine si langu. Unataka nichague lipi? Avunjwe au aloe? Niambie wewe, nami nitafanya."

Miguu yangu ilikuwa imezama udongoni mpaka vifundoni, soksi zimelowa, na watu wote wananitazama, Ranhui analia. Nilishuka. Mzee Guk akapiga tuta kidogo kwa mgongo wa koleo, kwa aibu ya fundi asiyeruhusiwa kufanya kazi yake, wakapanga vipande vya nyasi juu, tukateremka.

Nyasi zilishika upande mmoja tu. Mvua kubwa za majira ya joto zilipofika, tuta la mama lilianza kutitia, na kando ya lile la baba mkwe, lililosimama imara, lilionekana kama kitanda ambacho mtu kaamka sasa hivi. Mvua ikianza, hata tukiwa mezani, tunaacha vijiko, tunapanda kilimani na turubai la buluu, lile la kuanikia pilipili. Jong-gil hushika upande mmoja, mimi mwingine, tunalifunika tuta na kuweka mawe pembeni. Wanakijiji wanatuona tukipanda. Bibi wa Gamcheon, ambaye bado hajahamia Daegu, hutuita tupitie kwake kunywa kitu cha moto tukirudi, na hajawahi kututania.

Juzi Bwana Pyo alipiga simu. Alisema alitaka tusikie kwake kabla ya televisheni: uamuzi umesogezwa mbele, mpango unaangaliwa upya, tutegemee jibu mwakani au mwaka utakaofuata. Jong-gil alimshukuru. Mvua ilikuwa inanyesha, tukapanda.

Juu kule aliinua pembe ya turubai akalitazama kwenye mwanga. Akaniuliza kama ninafikiri litafika mwakani. Nikamwambia limeshaanza kuchanika, tutanunua jingine. Alitikisa kichwa kukubali, tukalitandaza, tukaweka mawe. Maji yalikuwa yanateremka kutoka mteremko wa juu na kuingia chini ya tuta, si kutoka angani, na turubai halizuii maji ya namna hiyo. Tuliyaona yakiingia, sote wawili, tukasimama pale mpaka mvua ikaisha.